Presha kuka ya umeme ya lita 6: maharage ya Kigoma kwa chini ya nusu uniti

Kwenye maduka ya vyombo pale Mwanga, Kigoma mjini, presha kuka za umeme hukaa rafu moja na rais kuka na majagi ya kuchemshia maji. Mteja huligeuza boksi, akaona "1000W", akalirudisha. Sababu yake inajulikana: inakula umeme. Tathmini hii ni ya chombo hicho, ukubwa wa lita 6, bila kujali nembo, kwa kuwa nyingi zinazofika huku mwisho wa reli zinafanana kwa umbo na kwa ufanyaji kazi. Kwa maharage, kande, makongoro na wali tunaipa alama za juu. Kwa samaki ni ya wastani. Kwa ugali haifai. Lakini kwanza tuishughulikie ile namba ya kwenye boksi, maana ndiyo inayofukuza wateja bila haki.

Wati si uniti. Wati zinaeleza chombo kinavuta umeme kwa kasi gani, na uniti ndizo unazolipia. Uniti 1 ni wati 1,000 zikivutwa kwa saa 1. Balbu ya wati 10 ikiwaka saa 100 imemaliza uniti 1, sawasawa na presha kuka ya wati 1,000 iliyovuta saa nzima bila kukata. Na presha kuka haivuti saa nzima.

Chukua nusu kilo ya maharage makavu na maji lita 2. Kuyatoa kwenye nyuzijoto 25 hadi 114, pamoja na sufuria yake ya ndani, kunahitaji takriban uniti 0.24, yaani dakika 15 hivi za wati 1,000. Presha ikishafika, chombo kinajikata chenyewe. Katika dakika 40 zinazofuata kinawaka kidogo na kuzima, kurudishia tu joto linalopotea pembeni. Jumla haifiki nusu uniti. Kwa hesabu za nyumbani weka 0.4.

Hiyo 114 inatoka wapi? Vali ya mvuke hubana kiasi cha kilopaskali 70 juu ya hewa ya nje, na maji yaliyobanwa huchelewa kuchemka, kwa hiyo yanapanda joto zaidi. Kwenye sufuria ya wazi hapa Kigoma mjini, kando ya ziwa lililo karibu meta 770 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzijoto 97 na nukta. Ukipanda mahali penye meta 1,500, kama kwenye miinuko ya Buhigwe, huchemka kwenye 95 tu. Ndiyo maana maharage ya gunia lilelile huchukua muda mrefu zaidi kuiva huko juu kuliko huku chini. Ndani ya presha kuka tofauti hiyo inapungua, na kote kuwili joto linapita 110. Ni faida kubwa kwa mkoa unaolima maharage kwa wingi huku unayachemsha kwa saa mbili na zaidi.

Sasa fedha. Kwa bei tunazozijua za LUKU, mteja mdogo wa nyumbani, yule wa D1, analipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Mteja wa T1, yaani wa matumizi ya kawaida, analipa shilingi 292 kuanzia uniti ya kwanza. Juu yake huongezwa VAT asilimia 18, REA (tozo ya umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (tozo ya mdhibiti wa nishati) asilimia 1. Kwa hiyo uniti halisi ni shilingi 122 kwa D1, shilingi 427 kwa D1 aliyevuka 75, na shilingi 356 kwa T1. Sufuria moja ya maharage basi ni shilingi 49 kwa D1, au shilingi 142 kwa T1.

Kama hujui uko kundi gani, angalia risiti ya ununuzi wa pili wa mwezi, maana ule wa kwanza hukatwa pia kodi ya jengo ya shilingi 1,500. Ukinunua umeme wa shilingi 5,000 ukapata uniti 41, wewe ni D1. Ukipata 14, ni T1.

Wa D1 ana jambo moja la kuchunga, na wauzaji hawalisemi. Tuseme nyumba inatumia uniti 35 kwa taa, televisheni, simu na friji dogo. Maharage mara 15 kwa mwezi ni uniti 6. Wali kila siku, robo uniti kila mpiko, ni 7.5. Nyama au kande mara 8, weka uniti 4. Hiyo ni nyongeza ya 17 au 18, na jumla bado iko chini ya 55. Uko salama. Lakini nyumba ambayo tayari inagonga 70 kwa sababu ya friji kubwa na pasi itavuka mstari, na kila sufuria ya maharage baada ya hapo ni shilingi 171 badala ya 49. Hata hiyo 171 bado ni ndogo, ila ukiendelea kuvuka mwezi hadi mwezi unaweza kuhamishiwa T1, na hapo hata taa zako zitapanda bei. Fanya hesabu hii kabla ya kununua.

Mkaa nao tuupime kwa kipimo kilekile. Kilo 1 ya mkaa mkavu ina nishati ya megajuli 30 hivi, sawa na uniti 8.3. Jiko la kawaida la bati hufikisha kwenye sufuria sehemu ya tano ya nishati hiyo au pungufu, nyingine inapotea pembeni na chini. Maharage ya saa mbili na nusu humaliza kilo nzima kwa urahisi. Pima kopo unalonunulia kwa mizani ya duka ujue lina gramu ngapi, kisha linganisha na ile 49 au 142. Kila nyumba itapata jibu lake, maana bei ya mkaa wa Kibirizi si ya Kasulu, na ya masika si ya kiangazi. Ambalo halionekani kwenye kopo ni kuni zilizotangulia: tanuri la udongo la porini hutumia kilo 6 hadi 10 za kuni kupata kilo 1 ya mkaa. Sufuria moja ya maharage, kilo 6 za miombo kwa uchache.

Gesi ni mshindani wa haki zaidi. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na watu wengi wakisikia "nishati safi" wanauona mtungi tu. Jiko dogo la gesi kwenye moto mdogo huunguza gramu 60 hadi 100 kwa saa. Maharage ya saa mbili, ukijumlisha na moto mkubwa wa kuyachemsha mwanzoni, yatachukua gramu 150 hadi 200. Ukichukua mfano wa mtungi wa kilo 6 unaojazwa kwa shilingi 25,000, hiyo ni kati ya shilingi 625 na 830. Kwa vyakula vya muda mrefu umeme wa presha unaushinda mtungi mbali sana. Kwa chai, mayai, mboga ya dakika tano na ugali, mtungi unashinda kwa wepesi. Nyumba yenye vyote viwili itaona mtungi wake unadumu, kwa sababu saa nyingi za kupika ni za maharage, na hizo zimehamia kwenye umeme.

Kuna anayeuliza kama umeme wenyewe ni safi. Kwa Kigoma swali hilo lilikuwa na uzito. Kwa miaka mingi mkoa ulilishwa na jenereta za dizeli, na lita 1 ya dizeli hutoa uniti 3 hadi 4 tu. Baada ya mkoa kuungwa kwenye gridi ya Taifa, umeme unatoka kwenye maji na gesi asilia, likiwemo bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo 9 ya megawati 235, jumla megawati 2,115. Mradi wa maporomoko ya Malagarasi, megawati 49.5, uko humuhumu mkoani. Na jikoni kwenyewe hakuna moshi wala ile hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani mlango umefungwa.

Nyaya ndizo zinazoharibu sifa ya chombo hiki kuliko kitu kingine chochote. Wati 1,000 kwenye volti 230 ni ampia 4.3. Soketi nzuri ya pini tatu inabeba mzigo huo bila shida, ikiwa imelishwa na waya wa milimita za mraba 2.5. Tatizo ni ekstensheni nyembamba za bei ya chini, zile ambazo ukizikunja mkononi ni laini kama kamba ya kiatu. Shaba yake ni kidogo, inapata moto, plastiki inalainika, na mara nyingi kinachoanza kuungua ni kichwa cha ekstensheni chenyewe. Chomeka presha kuka moja kwa moja ukutani. Kama lazima utumie ekstensheni, nunua yenye waya wa 1.5, usiiache imeviringishwa, na usichomeke pasi au jagi la maji hapohapo: jagi la wati 2,000 na presha kuka kwa pamoja ni ampia 13, mwisho kabisa wa uwezo wa soketi moja. Nyumba zilizofungwa UMETA, kile kiboksi chenye swichi na soketi tayari, zina soketi chache, kwa hiyo hapo kipike chombo kimoja kwa wakati.

Baada ya dakika kumi za kupika, gusa plagi. Uvuguvugu ni kawaida. Ikiwa huwezi kuishikilia, soketi imelegea ndani; zima, umwite fundi akaze skrubu.

Eathi, yaani waya wa kinga unaoenda kwenye fimbo iliyochimbiwa ardhini, usiipuuze. Mwili wa chombo una chuma, na plagi ya pini mbili au adapta inayoacha pini ya tatu hewani inakuacha bila kinga siku waya ukigusa bati. Katika kiangazi cha Juni hadi Septemba udongo hukauka na eathi hudhoofika. Mwagia maji pale fimbo ilipochimbiwa. Masika, radi zikianza, chomoa.

Umeme mdogo wa jioni una kanuni yake. Nguvu ya chombo cha joto hushuka kwa mraba wa volti. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, wati 1,000 zinakuwa 613, na zile dakika 15 za kupandisha presha zinakuwa 25. Uniti zinabaki karibu zilezile, kwa hiyo anayelalamika kuwa "umeme mdogo unakula uniti zaidi" amechanganya muda na matumizi. Waliopo mwisho wa laini wapike mchana. Umeme ukikatika katikati, usifungue. Chakula kinaendelea kuiva kwa joto lililobanwa kwa nusu saa na zaidi. Ila aina nyingi za vitufe vya digitali husahau zilipofikia, na umeme ukirudi zinasubiri uanze upya. Weka dakika zilizobaki tu, si zote. Na chomoa mara tu umeme unapokatika, kwa sababu kishindo cha kurudi ndicho kinachoua ubao wa elektroniki. Aina ya kitufe cha kuzungusha ina vitu vichache vya kuharibika, na kwa laini zenye kukatika mara kwa mara tunaipendelea hiyo.

Upikaji wa maharage wenyewe uko hivi. Chagua mawe, osha, pima kikombe 1 cha maharage kwa vikombe 3 vya maji. Usivuke nusu ya sufuria, hata kama mstari wa ndani unaonyesha nafasi zaidi, kwa sababu maharage yanatoa povu na maganda yanaziba vali. Kwa lita 6 mwisho wake ni gramu 600 hivi za maharage makavu. Kijiko kimoja cha mafuta kinatuliza povu, na mawese yanafaa. Chumvi kidogo haina neno. Nyanya na ndimu weka baadaye, maana uchachu unachelewesha kuiva. Maharage yaliyolowekwa usiku mzima huchukua dakika 15 hadi 20 baada ya presha kufika, yasiyolowekwa 35 hadi 45, na ya msimu uliopita huenda yakataka 50. Ikiisha usizungushe vali kutoa mvuke kwa haraka: maharage yatapasuka, na povu litaruka hadi ukutani. Subiri ile pini ndogo ya mfunikoni ishuke yenyewe, dakika 15 hadi 20, ndipo ufungue. Muda huo nao unapika.

Kama chombo kina programu ya kupika polepole kwa joto la chini, usipikie maharage mekundu kwa hiyo. Yana sumu ya asili inayohitaji kuchemka kwelikweli, angalau dakika 10, ndipo iharibike. Kwenye presha hakuna shaka.

Kisamvu kitwange, kichemshe bila mfuniko kwanza dakika 10 ili sumu ya muhogo itoke na mvuke, kisha funika dakika 20. Wali ni kikombe kwa kikombe na robo ya maji, dakika 6 hadi 8. Mgebuka mbichi, samaki wa ziwa letu, unataka dakika 3 au 4, na hata hapo mara nyingi unavunjika. Wa kukaanga na wa kukausha hauhusiani na chombo hiki. Usijaze mafuta ya kukaangia ukafunga mfuniko, ni hatari ya moto na ya kuungua vibaya.

Ugali hauwezekani. Sufuria ya ndani inazunguka ukisonga, mwiko unakwangua rangi yake, na ugali wa muhogo unaoshika vizuri ndio mbaya zaidi. Mama lishe naye lita 6 hazimtoshi. Atafute lita 8 mbili, kila moja na soketi yake. Na mwenye sola ya nyumbani asijaribu: wati 1,000 kutoka betri ya volti 12 ni zaidi ya ampia 83, mzigo ambao betri ya kawaida ya asidi ya ampia-saa 100 haikuumbiwa, itakufa mapema sana.

Hitilafu nyingi ni ndogo. Mvuke ukitoka ukingoni mwa mfuniko, ni mpira: umekaa vibaya, una punje ya wali, au umezeeka. Mawese yataugeuza rangi ya chungwa, haina madhara. Ukigeuka mgumu au ukipasuka, badilisha. Mvuke ukitoka kwenye pini bila kukoma, ichomoe, ioshe, angalia kile kipira chake kidogo. Presha isipopanda na kuna harufu ya kuungua, maji hayatoshi. Ukoga mweupe chini ya sufuria unatokana na madini ya maji, na maji ya Ziwa Tanganyika yana magnesiamu ya kutosha. Chemsha maji na ndimu mbili, sugua kwa sponji laini.

Kosa kubwa kuliko yote ni kumimina maji au maharage ndani ya chombo bila sufuria yake. Hutokea sana, hasa kwa anayekaribishwa jikoni kusaidia. Sakiti breka itakata. Chomoa, pindua, anika juani siku mbili, na fundi apime kwa mita kabla ya kuchomeka tena. Chombo kikizima kabisa, mara nyingi ni fyuzi ya joto iliyo chini ya sahani ya kupashia moto. Ibadilishwe kwa yenye namba ileile iliyochapwa juu yake. Fundi akitaka kuiruka kwa kipande cha waya, mkatalie, kwa sababu hiyo ndiyo kinga ya mwisho siku sensa ikifeli.

Dukani, fungua boksi. Tazama plagi iwe ya pini tatu na waya uwe mnene. Toa sufuria ya ndani uipime kwa mkono. Iliyo nyepesi kama bati la soda itapinda na kuacha kugusa sahani vizuri, na ya chuma cha pua inadumu kuliko iliyopakwa rangi. Funga mfuniko mara tano, ujifunge bila kulazimishwa. Mwambie muuzaji achomeke na vikombe viwili vya maji hadi pini ipande. Ni dakika chache tu, na hapo utajua mpira na vali ni wazima. Kisha ulizia mpira wa akiba na uununue hapohapo, ukiupima kwa rula kipenyo chake. Duka lisilo na mpira wa kubadilisha usinunue kwake, hata kama bei ni nzuri, kwa sababu kipande hicho kidogo kikichakaa utasubiri kiletwe kutoka Dar es Salaam na chombo kizima kikikaa kabatini.